Intanshipu ya Kwanza ya Programu Ukitokea Kazi Nyingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo kwa miaka saba. Nikiwa na miaka 33 nikaanza intanshipu ya miezi sita kwenye kampuni ndogo ya programu Mikocheni, na nikaimaliza. Tangu hapo haipiti wiki bila mtu kunitumia ujumbe: mwalimu wa Temeke, muuguzi, karani wa benki, hata dereva mmoja wa bajaji anayejifunza Python usiku akisubiri abiria. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kuyapa namba. Ukikuta "tazama 12", ruka uende huko, sitarudia.

## Kabla hujaanza

1. Intanshipu, fildi na kujitolea si kitu kimoja?

Kwa macho ya mlinzi wa getini ni kitu kimoja, wote mnaandikishwa kwenye daftari la wageni wiki ya kwanza. Kwa karatasi ni tofauti. Fildi ni ya mwanafunzi: chuo kinamtuma kwa wiki kadhaa, anajaza kitabu cha kazi za kila siku, mwalimu anakuja kumkagua, na alama zinaingia kwenye matokeo. Intanshipu ni ya aliyekwisha kuhitimu au aliyejifunza mwenyewe, inakwenda miezi kadhaa, na hakuna chuo kinachokusimamia nyuma. Kujitolea ni neno ambalo mara nyingi linatokea pale ofisi isipotaka kuandika chochote.

Uliza mapema unaingia kwa mlango upi. Ukijibiwa "wewe njoo tu, tutaona", huko ni kujitolea, hata kama wanakuita intani.

2. Nina miaka thelathini na kitu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Ila usijilinganishe na dogo wa miaka 22 anayeweza kukesha mpaka saa tisa usiku akijifunza kisha akaamka saa nne. Wewe saa kumi na moja una mtoto wa kumwandaa shule. Mimi nilipata saa moja na nusu kwa siku, alfajiri kabla nyumba haijaamka, kwa miezi kumi na nne. Haikupungua hata mwezi wa Ramadhani, ilihamia tu baada ya daku.

3. Sina digrii ya kompyuta. Nitapokelewa?

Inategemea unabisha mlango gani. Programu za mafunzo kazini zinazoratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, zinalenga wahitimu wa vyuo. Benki na kampuni za simu nazo huwa na mchujo wa vyeti kabla barua yako haijafika kwa mtu yeyote anayeandika programu. Kampuni za watu sita au kumi ni habari nyingine. Pale anayesoma barua ndiye atakayekaa na wewe.

Mimi niliulizwa swali moja: "Tuonyeshe kitu ulichotengeneza." Nilikuwa na kiprogramu cha kuweka madeni ya wateja wa genge la shangazi yangu Mbagala. Vitufe vimekaa upande, rangi ya ajabu. Lakini shangazi alikuwa anakitumia kila siku, na nilipokifungua mbele yao kilikuwa na majina ya wadaiwa halisi, kiasi na tarehe. Waliuliza maswali dakika arobaini juu ya kile kiprogramu. Vyeti vyangu vya mtandaoni vilibaki kwenye bahasha. (Kuonyesha majina halisi lilikuwa kosa, tazama 20.)

4. Niwe najua nini siku ya kwanza?

Kidogo kuliko unavyofikiri, ila kile kidogo ukijue kweli. Lugha moja ya programu, JavaScript au Python, kiasi cha kuandika kitu chenye kurasa tatu bila kufuata video. SQL, lugha ya kuuliza data iliyohifadhiwa, kiasi cha kuvuta kutoka jedwali mbili zilizounganishwa. Kusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho badala ya kuufunga kwa hofu.

Na Git, chombo cha kutunza kila badiliko la maandishi ya programu. Hii wanaojifunza peke yao huiruka kwa sababu ukiwa peke yako huoni kazi yake. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili watu wengi waweze kuandika kodi (maandishi ya programu) ya mfumo wa kompyuta wa Linux bila kukanyagana, na ndivyo utakavyoikuta ofisini: watu watano, kodi moja. Ujue kufungua tawi (njia yako ya pembeni ya kufanyia kazi), kuhifadhi mabadiliko kwa maelezo yanayoeleweka, kuyapandisha kwenye hifadhi ya pamoja, na kutatua pale mistari yako inapogongana na ya mwenzako.

Kozi ya CS50 ya Harvard na freeCodeCamp zote zinasomwa bure. Chagua moja uimalize. Nimeona watu wenye kozi tisa zilizofika robo.

5. Nafasi zinapatikana wapi hapa Dar?

Anzia Kijitonyama. Jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi ndiko iliko Buni Hub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, na kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko eneo hilohilo. Mikutano ya waandishi wa programu hufanyika maeneo hayo, mingi bila kiingilio. Nenda mara mbili tatu, kaa, sikiliza, uliza mtu anafanya kazi wapi. Kampuni ndogo nyingi za Kijitonyama, Mikocheni na Msasani hazitangazi nafasi, zinamuuliza mfanyakazi, "Unamjua mtu?"

Mimi niliandika barua pepe 26, nikajibiwa 4, nikaitwa 2. Barua iliyofanya kazi ilikuwa na mistari sita: mimi ni nani, nilikuwa nafanya nini, hiki hapa nilichotengeneza, naweza kuanza lini.

Anayekudai pesa ya fomu, ya "usajili" au ya sare ili akupe intanshipu ni tapeli. Hilo halina majadiliano.

6. Laptopu ya aina gani?

Ya mtumba kutoka Kariakoo inatosha, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kabla hujalipa, ichomoe kwenye umeme dukani uone betri inakaa kweli au inakata baada ya dakika kumi. Betri ndiyo utakayoijutia, tazama 19.

## Pesa na muda

7. Je, inalipwa?

Zipo zinazotoa posho ya nauli na chakula, zipo zinazotoa mshahara mdogo, na zipo zisizotoa kitu. Usikubali wala kukataa kabla hujapiga hesabu yako mwenyewe. Mimi nilikuwa natoka Mbagala Rangi Tatu kwa gari la Makumbusho, halafu naunganisha jingine kwenda Mikocheni. Hayo ni magari manne kwa siku. Weka chakula cha mchana kwa mama ntilie na bando la kufanyia kazi nyumbani. Zidisha kwa siku 22. Posho yangu ilikuwa inaisha tarehe 18 au 19, na mwezi wenye sikukuu mapema zaidi.

Pengo hilo nililijua kabla sijaanza, kwa hiyo nilikuwa nimeweka akiba ya miezi minne, na jioni mbili kwa wiki nilikuwa namfungia hesabu bosi wangu wa zamani. Asiye na akiba wala kibarua cha pembeni, ushauri wangu ni asubiri kidogo ajipange. Nimeona watu wazuri wakiacha mwezi wa tatu kwa sababu ya nauli, si kwa sababu kuandika kodi kumewashinda.

Chochote mtakachokubaliana kiandikwe: kiasi, tarehe ya kulipwa, na laptopu ikiharibika ukiwa kazini gharama ni ya nani.

8. Niache kazi kwanza?

Usiache kabla hujashika barua. Kama umeajiriwa rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 akitaka kuacha. Yupo jamaa ninayemfahamu aliomba kampuni imjaribu wiki mbili wakati wa likizo yake. Siku ya kumi walimwambia abaki, ndipo akaandika notisi.

Na aga vizuri. Bosi wa zamani utamhitaji, tazama 17.

9. Saa za kazi zikoje?

Kwa mwajiriwa, sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki bila saa za ziada. Kwa intani, uliza.

Ila kuna jambo dogo lililoniaibisha. Ofisini watu wanachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Nikaambiwa kikao na mteja kesho ni "saa mbili". Nikafika saa mbili kasoro asubuhi, nimetoka nyumbani giza, mlinzi bado anafagia. Aliyeniambia alikuwa na maana ya saa nane mchana, kaitafsiri kichwani kutoka kwenye kalenda. Siku hizi narudia: "Asubuhi au mchana?"

## Wiki za kwanza

10. Wiki ya kwanza watu hufanya nini hasa?

Kufunga programu kwenye mashine, kuomba ruhusa za kuingia, kusoma. Kisha unapewa kazi ndogo ya kukuonyesha njia. Yangu ilikuwa kurekebisha herufi moja: ripoti ilikuwa imeandikwa "Jumla ya mauso". Nilichukua siku nzima.

Usicheke. Kupata kodi ikawaka kwenye mashine yangu ilikula asubuhi yote. Kutafuta hilo neno limeandikwa wapi, saa nzima, maana lilikuwa kwenye faili la tafsiri ambalo sikujua lipo. Kufungua tawi, kubadilisha S kuwa Z, kupandisha, kuomba mabadiliko yaunganishwe. Mwenzangu akayapitia akaniandikia: "Sawa, ila maelezo ya mabadiliko yaseme nini kimebadilika. 'Nimerekebisha' haitoshi." Jioni yakaunganishwa. Herufi moja, lakini kufikia Ijumaa njia yote kutoka mashine yangu mpaka kwa mteja nilikuwa naijua.

11. Sielewi kabisa kodi ya ofisini. Ni kawaida?

Ni kawaida. Hata waliopo hawaielewi yote. Kila mmoja anajua vyumba vyake. Usiisome kama kitabu toka ukurasa wa kwanza. Chagua kitufe kimoja kwenye skrini, mfano "Hifadhi", ukifuate: kikibonyezwa kinaita nini, hicho kinaita nini, mpaka ufike kwenye databesi, yaani data inakohifadhiwa. Chora kwenye daftari. Vitufe vinne au vitano hivi na nyumba inaanza kuwa na milango.

Neno lenyewe "kodi" lina vituko vyake. Nilimwambia mama kwa simu kwamba nimeshinda naandika kodi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nimehamia kwa mwenye nyumba au TRA.

12. Nikikwama, nisubiri muda gani kabla ya kuuliza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ningependa lisomwe hata kama mengine utayaruka.

Mwezi wa pili nilipewa malalamiko ya mteja anayeuza nyanya na vitunguu kwa jumla soko la Ilala. Anasema ripoti ya siku haiendani na fedha mkononi. Siku nyingine inapungua, siku nyingine inazidi. Nikajifungia nayo. Siku ya kwanza nikadhani ni hesabu za kujumlisha, nikazipitia zote. Siku ya pili nikadhani kuna mauzo yanaingia mara mbili. Siku ya tatu nikaanza kubadilisha vitu ovyo ili nione kitakachotokea. Kila kikao cha asubuhi nilisema "naendelea vizuri". Nilikuwa mtu mzima, nimesimamia hesabu za mamilioni, ningesemaje nimeshindwa na kujumlisha nyanya?

Siku ya nne msimamizi wangu akavuta kiti. Akatazama skrini, akauliza, "Dada, seva yetu iko saa ngapi?"

Seva, kompyuta inayoendesha mfumo, ilikuwa inahesabu saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele yake mwaka mzima. Kwa seva, siku mpya ilikuwa inaanza wakati hapa Dar ni saa tisa usiku. Malori ya nyanya yanashusha usiku, na mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa yalikuwa yanaandikwa kwenye ripoti ya jana. Yeye alichukua dakika nne. Mimi siku tatu, na kibaya zaidi, yale niliyobadilisha ovyo ilibidi yarudishwe.

Tangu hapo nina kanuni ya saa moja. Nikikwama saa moja bila kupata jambo jipya la kujaribu, nauliza. Lakini siulizi "haifanyi kazi". Naandika mistari minne: nilitaka nini, nimepata nini, nimejaribu nini, nadhani tatizo liko wapi. Mara nyingi nikifika mstari wa tatu jibu linajileta, naufuta ujumbe.

13. Msimamizi wangu ni mdogo wangu kwa miaka kumi. Tunasalimianaje?

Cheka, lakini swali hili ni la kweli na hakuna kozi inayolifundisha. Wangu alikuwa na miaka 24. Siku ya kwanza alisimama akaniambia "shikamoo dada", nami nikajibu "marahaba" bila kufikiri. Saa mbili baadaye anatakiwa kuniambia kodi yangu ni mbaya. Alizunguka, akaandika "labda tungeweza kuangalia hapa", kumbe alikuwa na maana kwamba pale pamevunjika.

Nilimwita chai nje, nikamwambia: shikamoo yako naipokea, ni malezi mema, ila kwenye kodi mimi ni mwanafunzi wako, nikosoe kama unavyomkosoa mwenzako. Akapumua. Toka hapo maoni yake yakawa mafupi na makali, na mimi nikaanza kupiga hatua. Jukumu la kuvunja ukimya huo ni la mkubwa. Mdogo hawezi kulianza bila kuonekana hana adabu.

14. Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Mazungumzo ofisini ni Kiswahili. Nyaraka, ujumbe wa makosa na majina ndani ya kodi ni Kiingereza, na maneno yenyewe ni machache yanayojirudia. Utayazoea kwa kusoma kila siku. Unapoandika maelezo, sentensi fupi zinatosha.

15. Naruhusiwa kutumia ChatGPT?

Uliza sera ya ofisi. Ukiruhusiwa, usipandishe kitu usichoweza kukieleza. Niliiomba kodi ya kukagua namba za simu, nikapewa safi inayopendeza. Mpitiaji akauliza swali moja: mteja akiandika 0712 badala ya 255712 je? Ilikuwa inakataa. Na mahali pengine ilikuwa inahifadhi namba ya simu kama namba ya hesabu, kwa hiyo sifuri ya mbele inapotea. Sikuwa na jibu maana sikuwa nimeisoma. Kwa taarifa za wateja, tazama 20.

16. Nimeharibu kitu. Nifanyeje?

Sema sasa hivi, kabla hujajaribu kurekebisha. Mimi nilitumia git push na --force, amri ya kupandisha kwa nguvu juu ya kilichopo, kwenye tawi la mwenzangu, kazi yake ya siku mbili ikatoweka machoni. Mikono ilikuwa baridi. Nilisimama nikamwambia nilichoandika neno kwa neno na saa niliyokiandika. Alikuwa na nakala kwenye mashine yake, na Git yenyewe huwa haitupi haraka: amri ya git reflog inaonyesha hatua zilizopita. Nusu saa tukamaliza. Wiki hiyohiyo wakafunga ruhusa ya kufanya hivyo kwenye matawi ya wengine, jambo ambalo, alisema yule kijana, walipaswa kulifanya zamani.

## Ulichokuja nacho

17. Kazi yangu ya zamani ina faida yoyote, au niifiche?

Usiifiche. Mimi niliificha miezi miwili, nikiona haya kusema nilikuwa karani wa duka mbele ya vijana waliosoma kompyuta.

Kampuni ilikuwa inatengeneza mfumo wa stoo kwa wafanyabiashara wa jumla. Ndani ya mfumo, mzigo ukitoka stoo ni mauzo, na mauzo maana yake fedha imeingia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanaujaribu wiki moja wanauacha. Vijana wakawa wanasema wateja hawapendi teknolojia. Siku moja kwenye kikao nikashindwa kuvumilia, nikauliza, "Na mali kauli mnaiweka wapi?"

Hakuna aliyejua ni nini. Nikaeleza: anakuja mtu unayemfahamu, anachukua katoni 20 za vikombe kwa kauli tu, anakwenda kuuza mkoani. Akirudi analeta fedha za katoni 14 na anarudisha 6, au anarudisha 5 na moja imevunjika njiani. Kwa mwenye duka ule mzigo haupo stoo, haujauzwa, na haujapotea. Upo kwa mtu. Sehemu kubwa ya biashara ya duka letu ilikuwa ikienda hivyo, na mfumo haukuwa na mahali pa kuiandika. Mwenye duka akifungua ripoti anaona faida ambayo hana mkononi.

Nilichora kwenye ubao kama nilivyokuwa nachora kwenye daftari la duka, safu ya jina, safu ya kilichotoka, safu ya kilichorudi. Ilichukua wiki tano kuijenga, nami nikaandika kama robo ya kodi yake. Walipotaka kuijaribu, nilimpigia simu bosi wangu wa zamani, ndiye akawa wa kwanza kuitumia.

Muuguzi anajua mgonjwa anavyosajiliwa mara mbili kwa majina tofauti. Mwalimu anajua matokeo yanavyokusanywa shule yenye kompyuta moja. Dereva wa bajaji anajua kwa nini abiria anakatisha safari. Andika mambo matano ya namna hiyo kutoka kwenye kazi yako kabla ya siku ya kwanza.

## Mambo yasiyo ya kawaida

18. Mwezi wa pili sasa natumwa chai na kurekebisha printa tu.

Mara moja moja si neno, kila mtu anatumwa. Ikiwa ndiyo kazi yenyewe, nenda kwa msimamizi na kitu mkononi: "Nimeona hitilafu hii kwenye ukurasa wa malipo, naomba niijaribu." Ni vigumu kumkatalia mtu aliyekuja na kazi. Ukikataliwa mara tatu, anza kutafuta kwingine ukiwa bado hapo.

19. Umeme ukikatika au mtandao ukizima?

Toa taarifa mapema, usisubiri kuulizwa. Nyumbani weka laptopu kwenye chaji muda wote umeme ukiwepo, na uwe na laini za mitandao miwili. Hata hivyo kuna siku laini mbili hazisaidii: Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua. Waliokuwa wameshusha nyaraka na kodi kwenye mashine zao waliendelea na kazi. Git haihitaji mtandao mpaka unapotaka kupandisha.

20. Naweza kwenda na data ya wateja nyumbani nikajaribie?

Hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, fikiria laptopu yenye majina, simu na madeni ya watu ikiibiwa dirishani kwenye daladala la Mbagala. Tengeneza data ya uongo. Ile halisi usiibandike kwenye ChatGPT, wala usiionyeshe kwenye usaili kama nilivyofanya mimi na wadaiwa wa shangazi.

21. Posho imechelewa miezi miwili, na wanataka niongeze muda.

Kumbusha kwa maandishi, kwa upole, ukitaja tarehe mliyokubaliana. Muda wa nyongeza usianze kabla deni halijalipwa. Kama hukuandikiana chochote, huna pa kuanzia, ndiyo maana nilisema yale ya 7.

22. Nina mtoto mdogo. Inawezekana?

Inawezekana ukisema tangu usaili. Tulikuwa na dada mmoja aliyekuwa anaondoka saa tisa na nusu alasiri na kumalizia usiku. Hakuna aliyelalamika kwa sababu kila mtu alijua ratiba yake na kazi zake zilikuwa zinaingia. Mpango wa pili wa mtoto akiugua uwe nao kabla ya siku ya kwanza: dada wa kazi, bibi, jirani.

## Kumaliza

23. Niondoke na nini mkononi?

Barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza na kazi ulizofanya, yenye muhuri. Usiseme "naomba barua"; andika rasimu wewe mwenyewe, wapelekee wiki tatu kabla, wao wabadilishe na kusaini. Omba pia ruhusa ya kutaja mfumo ulioshiriki kuujenga. Kodi ya kampuni ni ya kampuni, usiinakili kwenda nayo.

Kwenye daftari langu nilikuwa naandika kila Ijumaa mistari mitatu ya nilichofanya. Nilipokuja kuandika rasimu nilikuwa na kurasa tisa za kuchagua. Bila daftari ningekumbuka wiki mbili za mwisho tu na ile herufi Z.

24. Wasiponiajiri nimefeli?

Mimi hawakuniajiri. Mradi mmoja ulisimama, fedha hazikuwepo, waliniambia mwezi mmoja kabla. Nililia kwenye gari la Makumbusho, sitaficha. Kazi ya sasa niliipata wiki ya saba baada ya hapo, kupitia yule mpitiaji aliyenikatalia namba za simu. Alikuwa amehamia kampuni nyingine na akaulizwa kama anamjua mtu.

25. Kwenye CV niiandike kama kazi?

Ndiyo, juu kabisa, na kazi ya zamani chini yake. Badala ya "nilijifunza", andika ulichofanya: "Nilirekebisha ripoti ya mauzo iliyokuwa ikiweka mauzo ya usiku kwenye siku isiyo yake." Neno intani libaki palepale kwenye cheo. Watapiga simu kuuliza, na wataambiwa hivyohivyo.